Hatima ya Magari Yaliyodanganya

Mwaka 1994, katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan nchini Marekani, uwanja wa Silverdome ulichezewa mechi za Kombe la Dunia la kandanda, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano hayo mpira ulichezwa chini ya paa. Miaka ishirini na mitatu baadaye uwanja huo ulikuwa gofu lililongoja kubomolewa, na pale walipokuwa wakiegesha watazamaji palikuwa pamejaa magari yasiyo na wenyewe: Jetta, Passat na Golf, yamepangwa safu kwa safu, mengi yao yakiwa mazima kabisa. Rangi zake ziling'aa na injini zake ziliwaka. Aliyeyatazama kwa macho hakuweza kuona kasoro yoyote.

Magari yale yalikuwa yamenunuliwa tena, kwa amri ya mahakama, na kampuni ile ile iliyoyatengeneza, yaani Volkswagen ya Ujerumani. Hayakuwa Pontiac peke yake. Kampuni ilikodi maghala na viwanja 37 sehemu mbalimbali za Marekani, pamoja na bandari ya Baltimore, kiwanda cha zamani cha karatasi katika jimbo la Minnesota, na uwanja wa ndege ulioko kwenye jangwa la Kalifornia karibu na mji wa Victorville, ambako hewa kavu huchelewesha kutu. Hadi mwisho wa mwaka 2017 magari 335,000 yalikuwa yamekwisha nunuliwa. Kati ya hayo 13,000 yalikuwa yameuzwa tena, 28,000 yamevunjwavunjwa, na 294,000 yalikuwa bado yamekaa yakingoja hukumu yake.

Habari za kashfa hii zilienea duniani kote na watu wengi wanazikumbuka kama habari za wizi: tajiri alidanganya, akakamatwa, akatozwa faini. Jambo lisilokumbukwa, ambalo lina faida kubwa zaidi kwa nchi zinazonunua magari yaliyokwisha tumika, ni hili la mwisho wa gari lenyewe. Faini humwadhibu mwenye kiwanda. Haiisafishi hewa, maana gari likiendelea kutembea na moshi wake huendelea kutoka.

Kwanza yafaa kueleza kosa lilikuwa nini. Hewa ina naitrojeni karibu asilimia 78 na oksijeni karibu asilimia 21, na gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kugusana. Kama zingekuwa zinaungana ovyo, bahari zingalikwisha kuwa tindikali zamani. Lakini ndani ya silinda ya injini ya dizeli hewa hugandamizwa kwa nguvu nyingi hata ikapata joto la kuwasha mafuta bila cheche, na mafuta yanapoungua, joto la mwako hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi. Katika joto la namna hiyo ule utulivu huvunjika, na gesi hizo huungana kuwa oksidi za naitrojeni. Oksidi hizi zikitoka nje huyashambulia mapafu na kuwazidishia taabu wenye pumu. Tena zikikutana na mwanga wa jua na mvuke wa mafuta husaidia kuunda ozoni karibu na ardhi. Ozoni hiyo hiyo inayosifiwa ikiwa juu angani ni sumu ikifika puani.

Dawa zipo. Sehemu ya moshi inaweza kurudishwa ndani ya silinda ili kupunguza joto la mwako. Inawezekana pia kuweka katika bomba la moshi kichocheo kinachozinasa oksidi hizo, ambacho husafishwa kila baada ya muda kwa kumimina dizeli ya ziada. Au kunyunyiza maji ya yurea, ambayo huzigeuza oksidi zikawa naitrojeni na mvuke wa maji. Walimu wa kemia watatambua kwamba hakuna dawa hata moja kati ya hizo iliyo ya bure. Ya kwanza huongeza masizi na kulichosha mapema chujio linaloyanasa. Ya pili hula mafuta. Ya tatu hudai tangi lake, pampu yake, na mwenye gari wa kulijaza. Kampuni iliyokuwa ikiwatangazia wateja gari la dizeli lililo safi, lenye nguvu na lisilokunywa mafuta, yote matatu kwa pamoja na kwa bei nafuu, ilikuwa imeahidi jambo ambalo wahandisi wake hawakuweza kulitimiza.

Njia waliyoichagua ilikuwa kuifundisha injini kuutambua mtihani. Serikali ya Marekani hupima moshi wa magari katika maabara: gari huwekwa juu ya rola za chuma, magurudumu yakazunguka huku gari limesimama, na mwendo hufuata ratiba moja iliyochapishwa ambayo kila mtengenezaji anaijua. Programu iliyotiwa katika kompyuta ya injini iliangalia usukani umekaaje, kasi ni ipi, injini imewaka kwa muda gani, na kanieneo ya hewa ni kiasi gani. Dalili zikilingana na za maabara, dawa zote zilifunguliwa na gari likafaulu. Gari lilipotoka barabarani dawa zilipunguzwa, na oksidi za naitrojeni ziliweza kufika hata mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kila mwanafunzi amemjua mwenzake wa tabia hiyo, anayesoma usiku mmoja tu kabla ya mtihani; tofauti ni kwamba huyu alikuwa ameiba karatasi ya maswali.

Waliofichua jambo hili hawakuwa polisi wala wapelelezi. Ni kikundi kidogo cha watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, wakiongozwa na mhandisi Daniel Carder, ambao mwaka 2013 walipewa na shirika moja la utafiti wa usafirishaji fedha zisizofika dola 100,000 ili wapime magari 3 tu ya dizeli. Walifunga vipimo ndani ya gari lenyewe, wakaunganisha mirija na bomba la moshi, kisha wakaliendesha mjini, kwenye barabara kuu, na milimani. Passat moja waliiendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi, safari ya karibu kilomita 4,000. Gari la kampuni nyingine lilitimiza kiwango kwa sehemu kubwa. Jetta ilitoa oksidi mara 15 hadi 35 ya kiwango, na Passat mara 5 hadi 20. Matokeo yalitangazwa Mei 2014. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi kampuni ilitoa visingizio, hata ikayaita magari gereji kwa matengenezo ambayo hayakuondoa kasoro, mpaka wakuu wa mazingira walipokataa kuiidhinishia magari ya mwaka 2016. Hapo ndipo ilipokiri. Tarehe 18 Septemba 2015 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilitoa hati ya mashtaka, na haukupita muda kabla kampuni haijatangaza kwamba magari yenye programu hiyo yalikuwa kama milioni 11 ulimwenguni.

Mapatano ya Marekani, yaliyoidhinishwa na Jaji Charles Breyer tarehe 25 Oktoba 2016, yalihusu magari yapatayo 475,000 yenye injini za lita 2 na yalikadiriwa kufikia dola bilioni 14.7. Mwenye gari alipewa hiari: aliuze kwa kampuni kwa thamani liliyokuwa nayo kabla ya kashfa, au alibaki nalo lirekebishwe bure; katika njia zote mbili alipata fidia juu yake. Wengi waliuza. Kufikia mwaka 2020 wenye magari walikuwa wamelipwa zaidi ya dola bilioni 9.5, na kati ya waliokamilisha madai yao zaidi ya asilimia 86 walichagua kulirudisha gari. Wapo waliolirudisha baada ya kung'oa milango na viti, kwa kuwa sharti lilidai tu gari liweze kutembea kwa nguvu zake lenyewe. Jaji hakufurahishwa na ujanja huo, ingawa aliyewafundisha wateja ujanja alijulikana.

Uzito wa mapatano yale, hata hivyo, haukuwa katika fedha. Ulikuwa katika masharti yaliyolifuata gari baada ya mwenyewe kuondoka na hundi yake. Gari lililorudishwa halikuruhusiwa kuuzwa tena, wala kusafirishwa nje ya Marekani, mpaka lifanyiwe marekebisho yaliyokubaliwa na wakuu wa mazingira. Lisilorekebishwa liliharibiwa lisiweze kutembea tena na kugeuzwa chuma chakavu. Isitoshe, kampuni ilipewa muda hadi Juni 2019 iwe imeyaondoa barabarani au kuyarekebisha asilimia 85 ya magari yote, na kwa kila asilimia 1 ambayo ingepungua ingelipa dola milioni 85 zaidi. Sheria, kwa maneno mengine, haikuridhika kwamba aliyedanganywa amelipwa. Ilitaka kujua kila gari liko wapi na linatoa nini.

Lile sharti la kutosafirisha linastahili kusomwa mara mbili. Kuyapakia magari 300,000 katika meli na kuyauza mbali kungekuwa njia rahisi mno ya kumaliza taabu. Magari yenyewe yalikuwa mazuri. Wanunuzi wangepatikana bila shida, na pengine wangeshukuru. Hesabu za Marekani zingeonyesha kazi imekamilika, na moshi ungekuwa wa watu wengine.

Kuna waliolalamika kwamba kuyavunja magari mazima ni ubadhirifu, na malalamiko hayo hayana budi kujibiwa. Gari ni chuma, alumini, kioo, raba na nishati nyingi iliyokwisha tumika kuviyeyusha na kuviunga vitu hivyo, na ingawa chuma huyeyushwa tena, nishati ile hairudi. Hapana shaka kulitengeneza gari kulikuwa bora kuliko kulivunja palipowezekana. Ugumu ni kwamba haikuwezekana kwa ukamilifu. Katika magari ya mwanzo hapakuachwa nafasi ya tangi la yurea, na kuliweka baadaye ni kama kuchimba msingi mpya chini ya nyumba ambayo watu wamekwisha hamia. Kwa hiyo wakuu wa mazingira walikubali marekebisho yaliyopunguza oksidi kwa asilimia 80 hadi 90 bila kufika kiwango cha awali, magari hayo yakaanza kuuzwa tena yakiwa na dhamana ndefu ya mfumo wa moshi, na ule upungufu uliosalia ukalipiwa kwa njia nyingine: kampuni ilitoa dola bilioni 2.7 katika mfuko wa kununulia mabasi, malori na mitambo iliyo safi zaidi, uliogawiwa majimbo kwa kadiri ya idadi ya magari mabovu yaliyokuwa humo. Kalifornia peke yake ilipata zaidi ya dola milioni 420.

Uamuzi huo ulilaumiwa kuwa ni kulegeza sheria. Lawama haina nguvu. Anayedai usafi kamili wa gari lisiloweza kusafishika kwa ukamilifu anadai, kwa hakika, kwamba yote yavunjwe, na kisha mahali pake patengenezwe mengine mapya yenye moshi wa viwanda vyake. Kuondoa sehemu tisa katika kumi hapa, na kuifuta ile moja iliyosalia kwa kuondoa basi kuukuu pale, ni hesabu ya kweli, mradi kuna anayepima pande zote mbili. Mahakama ilipata kuelewa kwamba hewa haijui jina la kiwanda.

Barani Ulaya mambo yalikwenda vingine, na huko ndiko yalikokuwa magari mengi, karibu milioni 8.5. Hapakuwa na amri ya kuyanunua tena. Magari yaliitwa gereji, yakatiwa programu mpya, yakarudishwa barabarani. Mwaka 2020 kampuni ilipatana na chama cha watetezi wa walaji cha Ujerumani kulipa hadi yuro milioni 830, kila mdai akipata kati ya yuro 1,350 na 6,257 kulingana na gari lake, na gari akabaki nalo. Mei mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Rufani ya Ujerumani iliamua kwamba mwenye gari aliyeshtaki aliweza kulirudisha na kulipwa bei yake, ikikatwa thamani ya matumizi. Lakini hiyo ilikuwa haki ya mtu mmoja mmoja dhidi ya muuzaji wake. Hapakuwa na jaji aliyeuliza gari litakwenda wapi baadaye.

Tofauti hiyo hailingani na ukubwa wa madhara. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2015 kwamba moshi uliozidi kutoka kwa magari yale nchini mwao ungesababisha vifo vya mapema vipatavyo 59. Kikundi cha namna hiyo hiyo kilikadiria mwaka 2017 kwamba moshi uliozidi wa magari yaliyouzwa Ujerumani pekee ungesababisha vifo kama 1,200 barani Ulaya. Palipoumia zaidi ndipo magari yalipoachwa yatembee.

Na gari linaloachwa litembee halibaki mahali pamoja. Mahakama za Ujerumani ziliporuhusu miji kuzuia dizeli za zamani, Hamburg ikitangulia Mei 2018 katika barabara mbili na Stuttgart ikifuata mwaka 2019, thamani ya magari hayo mjini ilishuka, na kitu kilichoshuka thamani mahali pamoja hutafuta mnunuzi mahali pengine. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba karibu asilimia 40 yake yalikwenda Afrika. Mwaka huo huo wakaguzi wa serikali ya Uholanzi waliyachunguza magari yaliyokuwa yakingoja meli za kwenda Afrika. Mengi yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20, hayakuwa na hati halali ya ukaguzi, na baadhi yao yalikuwa yamekwisha kung'olewa kichocheo cha moshi, kwa sababu ndani yake mna platinamu na paladiamu zinazouzwa ghali.

Magari ya Afrika ya Mashariki hutoka zaidi Japani, kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania hutumia upande wa kushoto wa barabara na usukani wa kulia. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia upande wa kulia, kwa hiyo gari la Ulaya lina njia fupi zaidi ya kufika Bujumbura au Lubumbashi kuliko kufika Dodoma. Lakini asidhani mtu kwamba Japani ni kinga. Machi 2022 kampuni ya Hino, ambayo malori yake yanajulikana na kila utingo katika barabara kuu za hapa, ilikiri kwamba takwimu za moshi wa baadhi ya injini zake zilikuwa zimeghushiwa.

Kinga iliyopo mpakani ni kalenda. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imekataa yaliyozidi miaka 15. Tanzania huyatoza ushuru wa ziada yaliyo makuukuu. Sheria hizi si mbaya, na zina sifa moja kubwa: karani anaweza kuzitekeleza kwa kusoma karatasi. Ila kashfa iliyoelezwa hapa ni kashfa ya karatasi. Passat ya mwaka 2012 ilikuwa mpya, ilikuwa na hati zote, na ilitoa moshi kuliko lori. Anayepima umri wa gari amepima umri wa gari. Moshi wake bado haujulikani. Wala ukaguzi wa macho hausaidii, kwa sababu oksidi za naitrojeni katika bomba la gari hazionekani. Moshi mweusi anaousimamisha askari wa barabarani ni masizi, na gari linaweza kuwa halina masizi hata kidogo huku likimwaga oksidi.

Kazi moja iliyo ngumu kuliko hii imekwisha fanyika. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuleta dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Salfa huviua vichocheo; hujikalia pale pale ambapo oksidi zingenaswa. Bila mafuta hayo kudai kichocheo kizima ingekuwa mzaha, maana kingekufa baada ya safari chache. Sasa mafuta yanakiruhusu kiishi, na aliyekiondoa hana tena udhuru wa mafuta mabaya.

Kilichobaki ni kipimo, na ndipo kilipo kisa cha West Virginia. Fedha zisizofika dola 100,000, magari 3, na watu wachache wanaojua kufunga mirija, viliweza kulitikisa shirika kubwa kuliko hazina za mataifa mengi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina idara za uhandisi zenye watu wa kuifanya kazi hiyo. Magari 30 yaliyochaguliwa bandarini kwa kura kila mwaka, yakapimwa na matokeo yake yakachapishwa kwa jina la kiwanda na nchi yalikotoka, yangeipa serikali neno la kusema mbele ya muuzaji, neno ambalo leo hana yeyote. Na kipimo hicho kisifanyike juu ya rola. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa ina msongamano wa mji, ina tambarare ndefu baada ya Morogoro, na mwisho wake ina mteremko na mwinuko wa Kitonga, ambako injini haiwezi kudhani kwamba iko maabara.